Kutoka Moshi hadi Santiago: kupanga wiki moja ya kuhiji kwa miguu

Vikundi vya parokia na sharika za hapa Moshi huniuliza mara kwa mara kuhusu Njia ya Mtakatifu Yakobo, ile inayoishia Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Wengi huja wakiwa wameshakata tamaa, maana wamesikia kwamba kutoka mpakani mwa Ufaransa ni karibu kilomita 780. Ni kweli, lakini si lazima uzitembee zote. Ukianzia mji wa Sarria zimebaki kama 115, na Ofisi ya Mahujaji inadai angalau 100 za miguu ili ikupe Compostela, cheti cha hija kinachoandikwa kwa Kilatini. Si cha Wakatoliki peke yao. Mlutheri anayetembea kwa nia ya kiimani anakipata vilevile.

Hatua ya 1: Gawa siku kabla ya kugusa nauli

Ratiba nyingi hugawa kipande hiki kwa siku tano. Mimi nasisitiza sita, na ya saba iwe ya Santiago:

- Sarria hadi Portomarín, km 22
- Portomarín hadi Palas de Rei, km 25
- Palas de Rei hadi Melide, km 15
- Melide hadi Arzúa, km 14
- Arzúa hadi O Pedrouzo, km 19
- O Pedrouzo hadi Santiago, km 20

Wanaotumia siku tano huunganisha Palas de Rei na Arzúa, kilomita 29 za vilima mfululizo, na hapo ndipo magoti hugoma. Tena mtu anayekimbizana na kitanda hapati nafasi ya kusali. Chukua Portomarín. Mji wa zamani ulizama chini ya maji ya bwawa miaka ya 1960, lakini kabla ya hapo kanisa la mawe lilibomolewa, kila jiwe likaandikwa namba, likajengwa upya mlimani. Ukisogea karibu na ukuta, baadhi ya namba bado zinasomeka. Anayefika jioni amechoka hoi anapita bila kuziona.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Mei, Juni, Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti njia hufurika watu. Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo ni tarehe 25 Julai, na ikiangukia Jumapili mwaka huo huwa Mwaka Mtakatifu, Mlango Mtakatifu wa kanisa kuu unafunguliwa. Ujao ni 2027. Ukiutaka mwaka huo, weka nafasi za kulala mapema sana. Ukipenda utulivu, ukwepe.

Hatua ya 3: Viza na safari

Utahitaji viza ya Schengen, na nchi ya kuombea ni Hispania. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na kufungwa siku 15 kabla. Usisubiri huko mwisho. Tayarisha bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, na uthibitisho wa mahali pa kulala. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Nafasi ya ndege weka, ila tiketi usiilipie moja kwa moja kabla viza haijatoka.

Kutoka KIA utaunganisha ndege hadi Madrid au Santiago kwenyewe. Kufika Sarria, njia rahisi ni basi kupitia Lugo.

Hatua ya 4: Zoeza miguu hapahapa

Anza miezi mitatu kabla. Jumamosi panda kwa miguu hadi Kibosho Misheni, sali, kisha shuka kwa miguu pia. Usipande bodaboda kurudi, kwa sababu mteremko ndio unaokomaza magoti, na Galicia, jimbo la Hispania unakotembea, lina miteremko mingi. Mwezi wa mwisho tembea Jumamosi na Jumapili mfululizo ukiwa na begi lenye uzito kamili. Mtu anaweza kutembea kilomita 25 leo bila shida. Kazi ni kuamka kesho na kuanza tena.

Viatu vizito vya kupandia Mlima viache nyumbani. Unataka viatu vyepesi vya kutembelea, saizi moja au nusu zaidi, kwa sababu miguu huvimba. Soko la Memorial utapata vizuri vya mtumba, ila kunja soli kwa mikono uone kama gundi imeshika. Vivae miezi miwili kabla ya safari.

Malengelenge ndiyo yanayowarudisha watu nyumbani. Kila asubuhi paka mafuta ya mgando kati ya vidole na kisiginoni, kisha vaa soksi kavu. Ukihisi sehemu inachoma, simama hapohapo. Vua kiatu, kausha ngozi, bandika plasta, badili soksi. Usiseme nitasimama kijiji kijacho.

Hatua ya 5: Begi

Lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Nguo seti mbili, koti la mvua (Galicia hunyesha muda wowote), mfuko mwepesi wa kulalia, dawa zako, kandambili za bafuni. Wazee wanaweza kulipia gari linalopeleka mabegi kituo hadi kituo, na hija yao haipungui chochote.

Hatua ya 6: Njiani

Sarria chukua kitabu cha hujaji, ukigonge mihuri miwili kila siku, makanisani, kwenye hosteli au migahawani. Bila hiyo cheti hakitoki. Hosteli za serikali ya jimbo ni kama euro 10 na hazipokei nafasi za mapema. Za binafsi zinapokea, na kwa kikundi ndizo nazipendekeza. Kupotea ni vigumu: fuata mishale ya njano, kazi iliyoanzishwa na Padre Elías Valiña wa kijiji cha O Cebreiro miaka ya 1980.

Hatua ya 7: Santiago

Kanisa kuu haliruhusu kuingia na mabegi makubwa, kwa hiyo pitia kwanza mnapolala. Kisha Ofisi ya Mahujaji, na siku ya saba Misa ya mahujaji saa sita mchana. Fika saa moja kabla ili upate kiti.

Kama ulitembea kwa niaba ya marehemu au mgonjwa asiyeweza kusafiri, mwambie karani kabla hajaandika cheti. Jina la mtu huyo litaongezwa baada ya maneno *vicarie pro*, yaani kwa niaba ya. Mpe jina likiwa limeandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kwa sababu majina yetu ya Kichaga huwasumbua kuyaandika kwa kusikia.