Chai ya oolong: imimine yote, usiiache ilale na majani

Nimeletewa pakiti ya oolong (chai iliyo kati ya ya kijani na nyeusi) ya Alishan, milima ya Taiwan, ile iliyoviringishwa vidonge vidogo vya kijani. Siku ya kwanza niliichemsha kwenye sufuria kama chai yetu ya kila siku hapa Mtwara, ikawa chungu. Fanya hivi: weka vijiko viwili vya chai vya majani kwenye birika dogo la kauri, mimina maji yaliyotoka kuchemka, kama mililita 120, hesabu sekunde 45, kisha mimina CHAI YOTE kikombeni, mpaka tone la mwisho. Majani yasibaki na maji birikani. Rudia, kila mara ukiongeza sekunde 10 hivi. Utapata mikupuo mitano au sita kwa majani yale yale, na kwangu wa tatu ndio mtamu kuliko yote, una harufu ya maua. Siri ni kwamba vidonge hufunguka polepole: harufu hutangulia, uchungu hutoka majani yakikaa majini muda mrefu.

Itakataa kwa mambo mawili. Maji ya kisima yenye chumvi (wa huku pwani tunayajua) huua harufu kabisa. Tumia ya mvua au ya chupa. Na maji yaliyolala kwenye chupa ya chai tangu asubuhi hayafungui vidonge vizuri, yachemshe upya.

Sukari na maziwa viache. Korosho za kukaanga zisizo na chumvi, hizo weka karibu.