Kumpokea mgeni anayetafuta kaburi la Wayahudi wa Rhodes hapa Lubumbashi

Mgeni akikuandikia kwamba anakuja Lubumbashi kutafuta kaburi la babu yake, usianze na hoteli wala gari. Anza na jina. Mwombe akuandikie jina la marehemu kwa kila namna lilivyowahi kuandikwa, jina la baba wa marehemu, na mwaka wa kifo hata kama ni wa kukisia. Jina la baba ndilo litakalokusaidia zaidi, maana kwenye jiwe la Kiyahudi mtu huandikwa fulani mwana wa fulani, au binti wa fulani. Na familia hizi zina desturi ya kumpa mtoto jina la babu yake hata babu angali hai. Ndiyo maana katika safu moja ya makaburi unaweza kuwakuta akina Nissim watatu wa ukoo mmoja, na bila jina la baba utamsimamisha mgeni wako mbele ya kaburi la binamu.

Mimi ni mwenyeji wa Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi. Marehemu baba yangu alikuwa mpishi wa familia moja ya Wayahudi wa Rhodes, tangu kabla ya uhuru mpaka walipofunga duka lao na kuhama, baada ya serikali kutwaa biashara za wageni mwaka 1973. Miaka mingi baadaye mjukuu wao alinitafuta, akaja, nami nikampeleka makaburini. Tangu hapo nimepokea familia sita. Sasa naona vijana wetu, madereva na wengine, wanaanza kuitwa kwa kazi hii, na baadhi yao wananiuliza ifanyweje. Nawajibu hapa.

Kwanza mjue mgeni wenu ni nani. Rhodes ni kisiwa, leo cha Ugiriki, kilichokuwa chini ya Waturuki mpaka 1912, kisha kikawa chini ya Waitalia. Wazee wa Wayahudi wake walifukuzwa Hispania mwaka 1492, na karne zote hizo wakaendelea kusema Kihispania chao cha kale, Ladino. Kisiwa hakikuwa na kazi ya kutosha. Vijana wakatoka wakaja huku wakati mji wetu, ulioanzishwa 1910, ungali unaitwa Élisabethville. Mmoja alifungua duka, akamwita mdogo wake, mdogo akamwita shemeji. Mwishoni mwa miaka ya 1920 walijenga sinagogi, nyumba yao ya ibada, tunalolijua. Mwaka 1937 akaja rabi kijana kutoka kisiwa hichohicho, Moïse Levy, akawaongoza Wayahudi wa nchi hii ya Kongo kwa zaidi ya miaka hamsini.

Mwaka uliofuata Waitalia walitunga sheria za kuwabagua Wayahudi. Tarehe 23 Julai 1944 Wajerumani waliwapakia melini Wayahudi waliokuwa wamebaki Rhodes, zaidi ya watu 1,600, wakubwa kwa wadogo, na safari yao ikaishia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani. Waliotoka hai hawakufika 200. Baadhi ya hao waliosalimika walikuja huku kwetu, kwa kaka na shangazi waliotangulia.

Baba alinisimulia kwamba mama mwenye nyumba ile alikuwa akiwasha utambi kwenye glasi ya mafuta kwa ajili ya dada zake, na hakujua siku waliyokufa. Aliwasha tu. Hili mliweke moyoni kabla ya kushika jembe na brosi. Mgeni wenu ana mashangazi na wajomba wasio na kaburi popote duniani. Hili la Lubumbashi huenda ndilo kaburi pekee ambalo familia yake inaweza kusimama mbele yake ikasema: yuko hapa.

Sasa siku ya kwenda. Isiwe Jumamosi. Sabato huanza Ijumaa kabla jua halijazama, na kwetu jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, hutangulia au kuchelewa kidogo tu. Inakwisha Jumamosi usiku, nyota zikionekana. Katikati ya hapo mshika dini hapandi gari, hashiki simu, hapigi picha, hagusi pesa, na makaburini haendi. Mgeni akifika Alhamisi, mpeleke Ijumaa asubuhi ili saa nane awe amekwisha kurudi na kuoga. Wengi hupenda kuja Agosti au Septemba, kwa kuwa kabla ya mwaka mpya wao kuna desturi ya kuzuru wafu. Kwetu hayo ni majira ya vumbi na nyasi zilizoungua, kwa hiyo kazi ya kusafisha itakuwa kubwa.

Mara ya kwanza mimi nilikosea yote mawili. Nilipanga Jumamosi, na nilinunua shada kubwa la maua, kama tunavyofanya kwenye kilio chetu. Yule mjukuu wa mabwana wa baba, binti, aliniomba kwa upole tusubiri Jumapili. Jumapili nilipomkabidhi shada alilishika muda mrefu bila kujua aliweke wapi, mwishowe akaliegemeza kwenye mti. Kisha akainama, akaokota kijiwe, akakiweka juu ya kaburi la babu yake. Nilisikia uchungu, maana baba yangu aliishi nao miaka yote ile na mimi sikuwahi kumuuliza jambo hilo. Basi jueni: maua si desturi yao, wanaweka jiwe. Tafuteni mapema vijiwe vichache safi mviweke karibu, kwa kuwa udongo wetu mwekundu hauna mawe kila mahali.

Kusafisha kufanyike siku mbili kabla mgeni hajafika. Wayahudi wa asili ya Hispania kwa desturi hulaza jiwe juu ya kaburi, halisimami kama misalaba yetu, na jiwe lililolala hukusanya kila kitu: majani, maji ya mvua, vumbi linaloganda mpaka linakuwa kama ngozi. Chukua bidoni mbili za maji, brosi ya nyuzi laini, kijiti cha mti na vitambaa vya pamba. Usichukue brosi ya waya. Usimwage maji ya javeli, yale ya kung'arishia nguo nyeupe, wala asidi, hata kama kijana wa makaburini atakuapia kwamba yanang'arisha. Ni kweli yanang'arisha, lakini yanakula uso wa jiwe, na baada ya mvua chache herufi zinaanza kumomonyoka. Lowesha jiwe lote, liache lilainike kama robo saa, kisha sugua kwa mduara kuanzia ukingoni. Ndani ya herufi tumia kijiti, kamwe usitumie msumari. Ile kuvu ya kijivu iliyoshika sana iache ilivyo, usiikwangue.

Ukishasafisha, soma. Wengi huogopa Kiebrania, lakini unachohitaji ni kidogo. Kinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Juu kabisa mara nyingi utaona herufi mbili, פ״נ, maana yake hapa amezikwa. Neno lao la kuzikwa, nikbar, lina mzizi mmoja na kaburi letu, nalo lilinifurahisha nilipofundishwa. Ukiona mikono miwili imechorwa vidole vikiwa vimeachana, marehemu alikuwa wa ukoo wa makuhani. Ukiona birika, alikuwa Mlawi.

Mwaka ndio unaosumbua watu, kwa sababu huandikwa kwa herufi. Kila herufi ni hesabu, kwa mfano: ת ni 400, ש ni 300, י ni 10, ה ni 5, ב ni 2. Zijumlishe, kisha ongeza 1240. Jiwe lenye תש״ה ni 400 na 300 na 5, yaani 705; ongeza 1240 unapata 1945. Kama mwezi wa kifo ni kati ya mwaka mpya wao, unaoangukia Septemba au Oktoba, na mwisho wa Desemba, punguza mmoja, iwe 1944. Kwenye mawe ya watu waliofariki tangu katikati ya Septemba 1939 mpaka leo, mwaka kwa kawaida huwa na ת na ש, basi ukiyaona hayo mawili ujue umeingia wakati wa vita au baadaye. Piga picha ya jiwe likiwa na maji, asubuhi mapema au jioni, jua likija kwa ubavu. Herufi zilizofifia huonekana kwa kivuli chake. Mtumie mgeni picha kabla hajapanda ndege, athibitishe kwamba ndiye.

Siku yenyewe, mfikishe kisha urudi nyuma hatua kumi. Kama wapo wanaume kumi Wayahudi, watasema Kadishi, sala yao ya wafu. Wakipungua kumi hawaisemi, na hilo huwaumiza, usiwaambie kwamba Mungu anasikia hata mmoja. Huenda mwanaume mmoja akabaki getini asiingie. Mimi nilidhani anaogopa, nikaenda kumshika mkono nimtie moyo. Kumbe alikuwa wa ukoo wa makuhani, na wao hawaingii makaburini. Siku hizi namwekea kiti kivulini na ninamshikia simu dada yake akiwa kaburini, waonane. Mkitoka, uwe na maji kwenye chombo: watanawa mikono kabla ya kupanda gari, na hawataifuta kwa taulo.

Chakula ni sura nyingine. Uliza kwanza, usijitolee kupika. Wanaoshika sheria watakula matunda mazima, parachichi, karanga, na vitu walivyokuja navyo vikiwa vimefungwa. Samaki lazima awe na mapezi na magamba, kwa hiyo tilapia anafaa na kambare hafai, lakini hata tilapia wengine hawatamla kama sufuria si mpya. Wasioshika sana watakula bukari (ugali) na lengalenga (mchicha) pamoja nawe kwa furaha. Kuna kitu kimoja ninachowaandalia wale wanaokubali. Baba alijifunza kupika mayai ya Sabato: Ijumaa mchana unapanga mayai kwenye sufuria, unafunika kwa maganda makavu ya vitunguu, unatia maji, chumvi na mafuta kidogo, unaweka juu ya mbabula, jiko letu la makaa, yenye makala (makaa) machache na kuyaacha yachemke polepole usiku kucha. Asubuhi gamba limekuwa kahawia kama mbao, na ndani yai lina rangi ya chai ya maziwa. Mzee mmoja kutoka Cape Town alimenya la kwanza, akalinusa, akalia kabla hajalila. Alisema hajaiona rangi ile tangu mama yake alipofariki.

Sinagogi halifunguliwi kwa kugonga tu. Mgeni awaandikie mapema wahusika wa jumuiya, atume nakala ya pasipoti, na nje asipige picha ya jengo lolote kabla hujamwambia ni wapi inaruhusiwa. Wayahudi waliobaki mjini ni wachache sana. Akihitaji chakula halali chao, rabi, au msaada wa Pasaka, mwelekeze Kinshasa: tangu 1991 kuna kituo cha Chabad, jumuiya ya kidini ya Kiyahudi, pale, chini ya rabi Shlomo Bentolila, kinachohudumia Wayahudi wa Afrika ya Kati. Kwa makaburi yanayobomoka kuna African Jewish Congress ya Johannesburg, muungano wa jumuiya za Wayahudi wa Afrika, na rabi wao Moshe Silberhaft amezunguka nchi nyingi za kusini akihangaikia makaburi ya jumuiya ndogo zilizokwisha watu. Kutunza wafu wa watu wengine kwao ni kazi ya jumuiya tangu zamani, kila mji ulikuwa na kundi lake la kuosha maiti na kuzika, tajiri na maskini kwa sanda moja nyeupe. Neno lao la msaada ni tsedaka. Mtalitambua: ni ndugu wa sadaka yetu, ila kwao mzizi wake ni haki.

Kuhusu malipo, semeni bei kabla, kwa wazi: ya gari, ya vijana wanaosafisha, ya mlinzi wa makaburi. Mambo ya kwamba Wayahudi wote ni matajiri yaacheni nyumbani. Mmoja wa wageni wangu alikuwa mwalimu mstaafu aliyeweka akiba miaka minne kwa ajili ya tiketi. Nilimwona akihesabu noti zake kitandani, mlango ukiwa wazi.

Mgeni akisharudi kwao, kazi yako bado haijaisha. Andika kwenye daftari safu na namba ya kaburi ukihesabu kutoka lango, maana nyasi za Januari hufunika kila kitu. Mvua za kwanza zikishapita, mwezi wa kumi na mbili hivi, rudi uondoe majani, utazame kama jiwe limezama upande mmoja, umpigie picha. Mimi huenda Jumapili baada ya misa, na kijiwe mfukoni.