Simamisha muvi kabla jasusi hajachagua

Maskani yetu ya Kibokoni, hapa Mombasa, tulikuwa na ubishi mmoja ulioanza baada ya Isha mpaka muuza kahawa akabeba dele lake akenda zake, na watu wawili hawakusalimiana siku tatu, kisa jasusi wa muvi ambaye hata duniani hayuko. Toka siku hiyo nimelishika hili jambo kwa moyo, manake ubishi wa aina hii ndio pahali pekee nnapojua mimi ambapo kijana wa miaka 17 na mzee wa 70 wanakaa benchi moja waulizana swala la kuua na kuokoa, na kila mtu ana haki ya kusema. Haifai uharibike. Sasa twafanya hivi.

Kwanza msijadili muvi nzima. Ukiuliza "yule jasusi ni mtu mzuri ama mbaya" mtapiga kelele usiku kucha na hakuna mtakalotoka nalo. Chukueni sini moja, uamuzi mmoja. Sisi tulianza na ile Mission: Impossible – Fallout ya 2018, pale mwanzoni Berlin, jasusi Ethan Hunt amekuja kununua plutoniamu, ile ya kutengenezea mabomu ya nyuklia, isifike mikononi mwa watu wabaya, mara rafiki yake Luther ashikwa awekewa bunduki, basi ni mzigo au rafiki. Hapo hapo, kabla hajafanya kitu, bonyeza rimoti simamisha. Kila mtu aseme angefanya nini na kwa nini, hata yule anayekaa kimya siku zote mpe nafasi, halafu ndio muvi iendelee.

Mtu atakwambia ah si twajua atamuokoa Luther na mabomu atayazima mwisho. Ndio, na hapo ndipo ubishi wote unapoharibikia. Stelingi hafi, mwandishi wa muvi ashamlipia deni kabla hajakopa, sasa ukimhukumu kwa vile mambo yalivyoisha utakuwa wamsifu mwandishi, yeye jasusi hujamgusa. Mhukumu kwa kile alichokijua dakika ile. Alijua mzigo ukipotea kuna miji yaweza kuteketea. Alijua pia Luther ni nani. Hakujua kwamba ataruka na helikopta mwisho wa muvi akashinda. Swali hili, "alijua nini wakati ule?", mimi nalirudia mpaka watu wanachoka nami lakini ndio linalotengeneza mazungumzo.

Ami yangu alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi, yeye si mtu wa muvi, alikuwa anasikiza tu huku amesimamisha kikombe mkononi. Akasema, kontena likiwa limening'inia juu na mtu akapita chini hatuulizi kwanza ni rafiki ama ni yule mvivu tusiyempenda, twasimamisha krani. Kisha akauliza, huyu Ethan, yule aliyewekewa bunduki angekuwa mtu asiyemjua jina, angemuokoa? Kimya. Hilo swali nalipenda kuliko yote, manake muvi humpa jina na utani yule mmoja, wale mamilioni hawana sura, ni namba tu. Kwa hiyo jaribuni kubadilisha mtu: badala ya Luther weka mlinzi wa geti, weka adui aliyejisalimisha, halafu uone nani abadilisha jibu lake.

Kisha tenganisheni kumuacha mtu afe na kumuua kwa mkono wako. Kuna mwanafalsafa wa Uingereza, Philippa Foot, alileta mwaka 1967 ule mfano wa tramu, lile gari la reli la mjini, inayokimbilia watu watano na dereva aweza kuigeuza ikapiga mmoja. Sisi tramu hatuna, mimi husema lori limekatika breki mteremko wa feri Likoni, kila mtu anauona ule mteremko kichwani, na hapo hata mama mwenye viazi karai huacha sufuria akaingia kwenye ubishi.

Uongo ni swala lingine. Muvi hiyo hiyo wanamtegea mwanasayansi habari ya tivii ya uongo kwamba Vatikani, Jerusalem na Makka zimepigwa mabomu ili afungue simu yake. Kulikuwa na aliyesema mara moja, Mtume (SAW) amesema vita ni hadaa, basi yamekwisha. Hayajakwisha, muulizeni je uongo ule ulibaki chumbani ama ulitoka ukawatia watu wasiohusika hofu? Kwenye muvi ulibaki chumbani. Mimi kwa hilo namuunga mkono.

Mateso ndio nataka muende polepole sana. Muvi nyingi bomu lina saa, aliyeshikwa ndiye mwenyewe hasa, na akipigwa asema kweli. Ondoa kimoja tu katika hivyo vitatu na hoja yote yaanguka. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 25, imesema uhuru wa kutoteswa hauwezi kuwekewa mpaka, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1984 unasema hata vita si sababu. Na hapa Mombasa waweza kuwa umekaa na mtu ambaye ndugu yake alichukuliwa usiku hajarudi. Siku moja nilikuwa nasukuma hoja hii kwa nguvu, kijana mmoja akaweka kikombe chake chini, kahawa bado imejaa, akainuka akaenda. Nilikosea kutomtazama uso. Kwa hivyo kabla ya mada hii waulizeni waliopo kama wako sawa, na mtu akisema tuache, tunaacha.

Kingine kidogo, tazameni kwa sauti yake yenyewe na maandishi chini. Zile zinazotafsiriwa na madijei nazipenda, nimekua nazo, lakini dijei ashakuhukumia, amemwita huyu shujaa na yule mjinga kabla wewe hujafikiri.

Na kabla ya kumjibu mwenzako rudia alichosema mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema.

Ijumaa tuna sini ya Paris, yule askari wa kike aliyeingia gerejini kwa bahati mbaya akapigwa risasi, na Ethan akawapiga wale watu ambao ilikuwa ni lazima waendelee kumuamini. Rimoti nimempa ami.