Kugeuza Friji Kuukuu Kuwa Mtambo wa Bia ya Kegi

Friji iliyosukumwa kwenye kona ya banda la gari kwa sababu imekwaruzika au imepitwa na wakati inafaa sana kwa kazi hii, ilimradi kompresa yake ingali inanguruma na raba ya mlango inashika vizuri pande zote. Kabla ya kununua kifaa chochote, weka bilauri ya maji yenye kipimajoto kwenye rafu ya katikati, iache usiku kucha, kisha usome kipimo asubuhi. Unatafuta nyuzi 3 hadi 4 za Selsiasi. Friji isiyoweza kufika hapo na kukaa hapo haitakupa bia nzuri hata ukiifungia bomba la bei kubwa, kwa sababu katika bia ya kegi, yaani bia inayomiminwa kutoka kwenye pipa la chuma lililofungwa, kila kitu huanzia kwenye baridi.

Jambo la pili ni nafasi. Kegi ndogo inayopendwa na wanaotengeneza bia nyumbani huchukua lita 19, ina kipenyo cha takriban sentimita 22 na kimo cha sentimita 63 hivi, na ikijaa huwa na uzito unaozidi kilo 20. Kegi kubwa ya kiwandani ya lita 50 huzidi kilo 60 na haiwekwi juu ya rafu ya kioo kwa namna yoyote. Ondoa rafu zote na droo za mboga, kisha ukate duara la karatasi ngumu lenye kipenyo cha kegi yako na ulilaze sakafuni mwa friji. Hapo ndipo utakapogundua kwamba kule nyuma, chini, kuna nundu inayofunika kompresa, na kwamba vishikio vya chupa vilivyo mlangoni vinagonga kegi kabla mlango haujafunga. Vishikio hivyo hukatwa au kung'olewa. Nundu haiguswi, bali hutengenezewa jukwaa la ubao imara lenye miguu inayofika sakafuni.

Sasa tufike kwenye kutoboa, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Ndani ya kuta za friji nyingi mmefichwa mabomba membamba ya gesi ya kupozea, na ukitoboa moja tu friji imekufa. Zaidi ya hayo, friji nyingi za miaka ya karibuni hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto, ilhali zile kongwe sana huenda zina R12, gesi inayoharibu tabaka la ozoni na ambayo ilikuwa miongoni mwa zilizodhibitiwa na Mkataba wa Montreal wa 1987. Soma kibandiko kilichopo karibu na kompresa ujue unashughulika na nini. Ushauri wangu ni kutoboa mlangoni tu, kwa kuwa kwa kawaida mlango hauna mabomba hayo. Hata hivyo, mlango ukiwa na taa, kioo cha tarakimu au kitoa maji, utakuwa na nyaya, kwa hiyo fungua bamba la ndani uone kwa macho yako, na uchomoe plagi ya umeme kabla hujashika drili.

Chagua kimo cha bomba ukiwa umeshika bilauri mkononi, ili ipate nafasi ya kutosha chini ya mdomo wa bomba. Tundu huwa na upana wa milimita 22 hadi 25, kulingana na shina la bomba ulilonunua, na shina lenyewe lazima liwe refu kuliko unene wa mlango. Toboa tundu dogo la kuongozea kwanza, kisha fuata kwa msumeno wa duara kutoka nje, ukienda polepole ili bati lisipinde. Lainisha kingo kwa tupa, pitisha shina, kaza nati kwa ndani, na uzibe mianya ili unyevu usiingie kwenye sifongo ya mlango.

Mtungi wa gesi ya kaboni dioksaidi, gesi inayoisukuma bia kutoka kwenye kegi hadi bombani, husimama wima daima. Ukilala, kimiminika kinaweza kuingia kwenye kidhibiti cha presha na kukiharibu. Mimi huuweka ndani ya friji, maana kuuweka nje kunahitaji tundu jingine ubavuni, mahali palepale penye hatari. Usishtuke geji ya mtungi ikishuka baada ya saa chache: katika nyuzi 20 presha ndani ya mtungi huwa kama bar 57, na katika baridi ya friji hushuka hadi chini ya bar 40, ingawa hakuna gesi iliyopotea. Kiasi kilichobaki hujulikana kwa kuupima mtungi kwenye mizani.

Baada ya kufunga mipira yote, ule wa gesi kutoka mtungini hadi kwenye kegi na ule wa bia kutoka kwenye kegi hadi bombani, fungua gesi na upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Kiputo kimoja kidogo kinachokua taratibu kando ya nati kinatosha kumaliza mtungi mzima kwa siku chache, na nimewahi kupoteza mtungi hivyo hivyo kwa kukosa kuangalia kiungo kimoja tu. Kumbuka pia kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini. Chumba kisichopitisha hewa hakifai.

Kwenye kidhibiti, weka presha kati ya bar 0.7 na 0.85, na uiache kegi itulie kwa siku nzima kabla ya kumimina. Bia uliyotengeneza mwenyewe, ambayo bado haina gesi, itahitaji takriban wiki moja. Mpira wa bia uwe na upana wa ndani wa milimita 5 hivi na urefu wa mita 2 hadi 3. Watu wengi huukata uwe mfupi ili friji ionekane nadhifu, kisha wanalalamika kwamba bilauri imejaa povu. Msuguano ndani ya mpira ndio unaopunguza kasi ya bia ifikapo bombani, kwa hiyo dawa ya bia inayofyatuka ni kuongeza urefu wa mpira. Kupunguza presha kutaifanya gesi itoke kwenye bia iliyomo ndani ya kegi, na baada ya siku chache utakuwa na povu mpirani na bia iliyopoteza gesi kwenye bilauri.

Unapomimina, inamisha bilauri na ulifungue bomba lote kwa mkupuo mmoja, kwani bomba lililofunguliwa nusu hutoa povu tupu. Bilauri ya kwanza ya siku huwa na povu zaidi kwa sababu bomba lenyewe lina joto la chumba. Kila baada ya wiki mbili, pitisha dawa ya alkali ya kusafishia mabomba ya bia, suuza kwa maji mengi, kisha ulifungue bomba na kusugua sehemu zake kwa brashi ndogo, hasa pale nyuma ya mdomo ambapo utando unaonata hujijenga mapema na kuipa bia ladha ya uchachu.