Kujenga gasa nyumbani: anzia kwenye ekseli ya mbele

Hotrodi, yaani magari ya zamani yaliyobadilishwa ili yaende kasi, ziko za aina nyingi. Hapa nazungumzia moja tu, gasa: gari la kawaida la familia ambalo vijana wa Marekani walilichukua miaka ya 1950 na 1960, wakalipunguza uzito, wakaliinua pua na kulipeleka kwenye mbio za robo maili. Jina limetokana na madaraja ya NHRA, chama cha mbio hizo cha Marekani, yaliyoitwa Gas, kwa sababu magari yake yalitumia petroli, si nitromethani, mafuta maalumu ya mbio. Daraja lako lilipatikana kwa kugawa uzito wa gari kwa ujazo wa injini.

Watu wengi huanza kujenga gasa kwa macho. Wanainua mbele mpaka gari liwe kama jogoo anayetaka kuwika, wanatia rimu nzuri, basi. Gari hilo halitaendesheka. Ile pua haikuinuliwa kwa urembo. Tairi za siku zile zilikuwa zinateleza, na injini ikikaa juu, gari likiondoka kwa nguvu uzito unahamia nyuma na kuzikandamiza tairi zinazosukuma. Ilibidi NHRA iweke kikomo: katikati ya krankshafti, mhimili mkuu wa injini, pasizidi inchi 24 kutoka ardhini, yaani sentimita 61. Kila kitu kwenye gasa kina sababu ya namna hiyo, na ukiishika sababu, kipimo chenyewe kitakuja.

Mimi nimejifunza ufundi Tanga, gereji ya mjomba, chini ya malori ya Bedford. Sasa naishi Ohio, karibu na Dayton, mji wa George Montgomery, yule waliyemwita Ohio George, dereva wa mbio aliyetamba na gari lake aina ya Willys la 1933. Siku ya kwanza nilipolala chini ya gasa sikuona kitu kigeni. Ekseli ya kipande kimoja, springi za mabamba, yu-bolti, kingi pini (pini ambayo gurudumu hugeukia): ilikuwa mbele ya Bedford, imevalishwa bodi ya gari dogo. Kama umewahi kufunga springi za lori au za Land Rover ya zamani, nusu ya kazi hii unaijua tayari.

Hatua ya 1: Chagua gari

Willys ya 1941 ndiyo iliyobeba majina makubwa. Fred Stone na Tim Woods, Wamarekani Weusi wawili, pamoja na dereva wao Doug Cook, walitisha nayo sana. Lakini bodi halisi za Willys ni adimu na bei yake inauma. Kwa mtu anayejenga nyumbani nashauri Chevrolet ya 1955, ya milango miwili. Chasisi yake ni pana na imara, ndiyo Chevrolet ya kwanza kutumia umeme wa volti 12, na ndiyo iliyoanza na ile V8 ndogo ambayo vipuri vyake bado vinapatikana kila kona ya Marekani.

Usidanganywe na rangi. Chukua bisibisi, lala chini, chomachoma chasisi pale inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, na sakafu chini ya miguu ya dereva. Bisibisi ikizama, muuzaji apunguze bei au uondoke. Bodi yenye matundu inazibika, lakini chasisi iliyooza hapo nyuma itakula pesa ya injini.

Hatua ya 2: Timazi na chaki kabla ya grenda

Hatua hii watu huiruka, nami nakuomba usiiruke. Weka gari juu ya stendi nne kwenye sakafu ya saruji, lisawazishe kwa pimamaji mbele, nyuma na pembeni. Kisha chukua timazi, ileile ya mwashi, uining'inize kwenye tundu la chasisi upande wa kushoto na tundu lilelile upande wa kulia. Ncha inapotulia, weka alama ya chaki sakafuni. Fanya hivyo kwenye matundu manane, halafu kwenye kitovu cha kila gurudumu.

Sasa pima mishazari kwa uzi: kutoka alama ya kushoto mbele hadi ya kulia nyuma, kisha kinyume chake. Tofauti ikizidi milimita tano, chasisi imepinda, inyooshwe kwanza. Kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma upate inchi 115, kama sentimita 292. Alama hizo zizungushie rangi zisifutike. Ukishakata sehemu ya mbele, sakafu ndiyo itakayokukumbusha gurudumu lilikuwa wapi.

Hatua ya 3: Ekseli ya mbele

Fungua suspensheni yote ya kiwandani. Ekseli unaweza kununua mpya ya bomba, au kufanya kama wazee walivyofanya: kutafuta ya gari la Ford Econoline la mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukichukua ya zamani, inua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, badilisha kingi pini na bushi zake kabla hujaendelea.

Mabano ya springi yanafungwa chini ya chasisi, na hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Mtu anachomelea mabano gari likiwa tupu, anafurahi, kisha anaweka injini na springi zinalala, pembe zote zinabadilika. V8 ndogo ya Chevrolet ina uzito wa kama kilo 260, bado gia boksi. Kama injini yako haijawa tayari, pakia mifuko ya mchanga ya uzito huo mahali itakapokaa. Shika mabano kwa nukta za kuchomelea tu, teremsha gari, lisukume mbele na nyuma springi zitulie, ndipo upime.

Kipimo kinachobeba roho yako ni kasta, yaani jinsi kingi pini inavyolala kuelekea nyuma kwa juu. Gurudumu la toroli la dukani linafuata linakovutwa kwa sababu hiyohiyo. Kwa gasa nataka digrii 5 hadi 7. Gari likishainuliwa pua, chasisi yenyewe inainama nyuma digrii kadhaa, kwa hiyo usipime ekseli kwa kuilinganisha na chasisi. Ilinganishe na ardhi. Unaongeza au kupunguza kwa kipande cha chuma chenye umbo la kabari kati ya springi na kikalio cha ekseli, upande mnene ukielekea unakotaka.

Nikueleze kwa nini nasisitiza. Gasa yangu ya kwanza niliiacha na digrii 2. Mtaani ilikwenda vizuri. Nilipofika kama kilomita 70 kwa saa nikapita kiraka kidogo cha lami, magurudumu ya mbele yakaanza kupigapiga kushoto na kulia, usukani ukanitoka mikononi, kioo cha pembeni sikukiona kwa jinsi kilivyotetemeka. Nilikanyaga breki taratibu mpaka likasimama, nikakaa pembeni ya barabara muda mrefu. Kabari mbili za chuma zilimaliza tatizo lote.

Baada ya kasta, tairi ziangaliane kidogo kwa mbele, milimita 3 zinatosha. Pima tairi hadi tairi kwa mbele, kisha kwa nyuma, kwenye kimo cha kitovu.

Hatua ya 4: Usukani

Gari likipita tuta, ekseli inapanda na kushuka kwa kufuata upinde. Fimbo inayotoka kwenye steringi boksi nayo ina upinde wake. Pinde hizo zikipishana, kila tuta litakugeuzia gari bila ridhaa yako.

Kama fimbo yako inasukuma mbele na nyuma, kama ya lori, jicho la springi lisilo na shakeli (kiungo kinachoiacha springi irefuke na kufupika) liwe upande uleule uliko steringi boksi. Boksi ikiwa nyuma ya ekseli, shakeli ziende mbele. Hapo fimbo na ekseli vitazunguka karibu kitovu kimoja. Kama fimbo inavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, iwe ndefu kadiri inavyowezekana na ilale sambamba na ekseli. Ondoa bamba zote za springi ubakize moja, pandisha na teremsha ekseli kwa jeki, huku ukiangalia gurudumu. Likigeuka, hamisha boksi sasa, kabla ya rangi.

Hatua ya 5: Nyuma

Difu ya Ford ya inchi 9 ndiyo naipenda, kwa sababu unatoa gia zake kwa mbele bila kushusha ekseli. Uwiano wa 4.11 unafaa kama utaendesha mtaani pia. Acha springi za kiwandani, ongeza fimbo za kuzuia ekseli isijipindue unapoondoka. Zile fimbo ndefu za pembetatu zinapendeza, ila zikifungwa pamoja na springi za mabamba bila kikalio kinachocheza, vitu viwili vinagombania ekseli moja na kitu fulani kitakatika.

Matao ya matairi ya nyuma hukatwa yawe duara. Shusha gari mpaka springi zigonge mwisho, weka gurudumu lenye tairi utakayotumia, funga uzi na chaki kwenye kitovu na uchore duara lenye nafasi ya sentimita 5 nje ya tairi. Kata ndani ya mstari, ukunje ukingo, kwa sababu ukingo mkali wa bati hupasua tairi. Tairi vipara vya mashindano haviruhusiwi barabarani. Tafuta zenye kashata kidogo zilizoidhinishwa kwa barabara.

Betri ipeleke nyuma, upande wa kulia. Propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, inapozunguka kwa nguvu hulipunguzia gurudumu la kulia uzito, na betri inarudisha kiasi. Ukihamisha betri, sheria za mbio zinataka swichi kuu ya kukata umeme nyuma ya gari.

Hatua ya 6: Injini

V8 ndogo ya Chevrolet huitwa kwa ujazo wake wa inchi za ujazo: ya 283 ilianza 1957, ya 327 ikaja 1962, ya 350 ikaja 1967. Zote zinakaa mahali palepale. Mwongozo wa kujenga injini ni kazi ya siku nyingine, nataja mambo mawili tu yanayowaponza mafundi wanaotoka kwenye injini za Kijapani.

La kwanza ni bolti za hedi. Katika injini hizi matundu ya bolti yametoboka mpaka kwenye njia ya maji. Ukizifunga kavu, wiki ya pili utaona tone dogo la kijani chini ya kichwa cha bolti na utadhani gasketi imekufa. Paka kila uzi dawa ya kuzuia maji, kisha kaza kwa toki spana kwa awamu tatu hadi pauni-futi 65, ukianzia katikati kwenda pembeni.

La pili ni kamshafti. Kama ni ya tapeti bapa, usiiache injini mpya isinzie taratibu. Kabla ya kuwasha, toa distributa, zungusha pampu ya oili kwa drili mpaka oili itoke juu kwenye roka zote. Oili iwe yenye zinki ya kutosha. Rudisha distributa, hakikisha mpangilio wa plagi ni 1-8-4-3-6-5-7-2, washa, na mara moja ipandishe hadi mizunguko 2,000 au 2,500, uishikilie hapo dakika 20. Ndiyo muda ambao kamshafti na tapeti zinazoeana. Ukiikatiza, zitakulana.

Ekzosi za gasa hutokea pembeni, nyuma ya gurudumu la mbele. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili kabla ya kuchomelea chochote hapo.

Lile tangi dogo la alumini linalokaa mbele ya rejeta, mtindo uliopewa umaarufu na Dean Moon wa Santa Fe Springs, California, mimi nalitumia kupokea maji yanayofurika kutoka rejeta. Petroli naiweka nyuma. Sitaki tangi la mafuta liwe kitu cha kwanza kugongwa.

Hatua ya 7: Vitu vinavyokurudisha nyumbani

Breki za 1955 zilikuwa na njia moja: hosi moja ikipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki. Weka masta silinda ya njia mbili, na diski mbele.

Funga kitanzi cha chuma kuzunguka propela, ndani ya inchi 6 kutoka kwenye msalaba wa mbele. Propela ikikatika mbele, bila kitanzi itachoma lami na kuliinua gari. Kama unatumia klachi, nunua kifuniko cha chuma kilichoidhinishwa kuhimili mlipuko. Mwaka 1970 katika uwanja wa mbio wa Lions, California, gia boksi ya dereva Don Garlits ilipasuka na kumkata sehemu ya mguu wa kulia, na huyo alikuwa bingwa. Helmeti ni lazima ukitumia sekunde 13.99 au pungufu kwenye robo maili. Ukifika 11.49, nguzo ya chuma ndani ya gari, ya kukukinga likipinduka.

Hatua ya 8: Kulitoa nje

Safari ya kwanza iwe kilomita 30 kwa saa, mtaa usio na watu, na mtu wa pili akifuata nyuma na kizima moto. Simama, shika kila hosi kwa mkono mkavu, angalia viganja. Halafu 50. Halafu 80, na hapo uachie usukani kidogo mikono ikiwa tayari: gari linyooke lenyewe.

Ukirudi, ekseli ikiwa bado na vumbi la barabarani, kaza upya yu-bolti zote nane. Springi mpya hulala, na yu-bolti zilizokuwa zimekaza asubuhi utazikuta zimelegea robo zamu jioni. Rudia baada ya kilomita 100. Ndipo upige simu kwa mtu wa rangi.