Huna chuo Marekani? Chagua timu hivi

Kama uko hapa Lamu na umeanza kupenda futboli ya vyuo vya Marekani, ile ya kubeba mpira mkononi, usikimbilie bingwa, angalia saa kwanza. Mechi nyingi ni Jumamosi, na zile za saa sita mchana kule mashariki mwa Marekani kwetu ni saa moja usiku, ushaswali magharibi umetulia (wakirudisha saa nyuma mwanzo wa Novemba inakuwa saa mbili). Za usiku wao ni alfajiri yetu, hapo bando na usingizi vyote vinaenda. Mimi nawapenda Hawaii, wakianza saa kumi na mbili jioni kwao Honolulu huku ni Jumapili saa moja asubuhi, unaangalia na mahamri na mbaazi zako, raha sana.

Halafu uchezaji. Navy, chuo cha wanamaji kule Annapolis, wamezoea kukimbia na mpira kuliko kurusha, na kila Disemba wanapambana na Army, chuo cha jeshi la nchi kavu, mechi hiyo usiikose wallahi.

Na ukichukua Michigan, Ohio State ndio wapinzani wako, huwezi kushangilia wote wawili.