Namna ya kuzuia fukusi na dumuzi kuzaliana katika mahindi ya akiba

Wadudu wa ghala huongezeka kwa kutegemea joto, unyevu na hewa. Joto la Mtwara na Lindi hatuwezi kulipunguza, na hata baridi ya Julai kule Newala haitoshi, kwa kuwa fukusi huacha kuzaliana joto linaposhuka chini ya nyuzi 15 hivi. Kwa hiyo nguvu zetu zote tuzielekeze kwenye unyevu na hewa.

Hatua ya 1: Kausha mahindi hadi unyevu wa asilimia 13 au chini yake. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai moja katika kila kitundu, kisha hukiziba kwa ute unaoganda, ndiyo maana mahindi huonekana mazima ilhali buu linakula ndani. Katika nyuzi 27 na unyevunyevu wa hewa wa asilimia 70, yai huwa fukusi kamili kwa takriban siku 35. Asiye na kipimo atie punje na chumvi iliyokaushwa vizuri ndani ya chupa kavu, atikise, kisha asubiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15. Isiponata, bado anika siku moja au mbili zaidi juu ya turubai, kwa sababu kipimo hiki hakionyeshi asilimia 13.

Hatua ya 2: Pukuchua mapema. Ukavu peke yake haumshindi dumuzi, aliyeripotiwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwani huweza kuzaliana hata katika mahindi yenye unyevu wa asilimia 9. Hustawi zaidi kwenye magunzi, hivyo nakushauri kwa msisitizo usiyaweke mahindi na magunzi yake kwenye kihenge.

Hatua ya 3: Acha punje zipoe kivulini, kisha zijaze kwenye mfuko usiopitisha hewa, ukamue hewa iliyobaki na kufunga kila tabaka la mfuko peke yake. Wadudu waliomo hutumia oksijeni iliyobaki, na ikipungua sana huacha kula na kutaga.

Hatua ya 4: Panga mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta, hasa Mikindani na Lindi mjini ambako hewa ya bahari ina unyevu mwingi. Usiifungue ovyo, maana kila ufunguzi huingiza oksijeni mpya. Kagua kwa nje, na ukiona tundu, hamishia mahindi kwenye mfuko mzima siku hiyohiyo.